Umbojoto: Uhakiki wa Kompyuta Mpya Inayochemsha

Mtu aliyeunga kompyuta yake ya mezani kwa mara ya kwanza, akaiwasha, akafungua programu ya kusomea vihisi na kukuta prosesa iko nyuzi 95 za Selsiasi, kwa kawaida huikazia macho namba hiyo peke yake. Hujiuliza swali moja tu, kama imezidi au haijazidi, na jibu lolote atakalopata halimwambii alegeze skrubu ipi. Hoja ninayotaka kuitetea, mbele ya msomaji ambaye naye hupenda kukaa na mashine mpaka aielewe, ni kwamba namba ya kilele ndiyo sehemu yenye habari chache kuliko zote katika matini ya joto. Habari imo katika umbo: jinsi mstari wa grafu unavyopanda, unavyotulia, na unavyoshuka mzigo ukiondolewa. Umbo hilo nitaliita umbojoto, nami nitalichambua kwa subira ileile tunayoipa fani ya utenzi, kwa sababu nalo lina sehemu zinazotegemeana, lina mpangilio, na lina mantiki isiyojificha kwa anayelisoma taratibu.

Tuanze na njia ya joto, maana njia ndiyo inayozaa umbo. Katika familia ya Ryzen 7000, ambayo AMD iliiingiza sokoni Septemba 2022, kila viini vinane hukaa kwenye kipande kimoja cha silikoni chenye eneo la takriban milimita 70 za mraba. Hata sentimita moja ya mraba hakifikii. Sehemu kubwa ya joto la kazi nzito huzaliwa hapo. Kutoka hapo joto huvuka lehemu, huingia kwenye kifuniko cha shaba kilichopakwa nikeli, huvuka pesti, hupokewa na kitako cha kipoza, hupanda kwa mirija ya shaba hadi kwenye mapezi ya alumini, hubebwa na upepo wa feni, huzunguka ndani ya kasha, ndipo hutoka chumbani. Kila kituo katika safari hiyo hutoza ada yake: kwa kila wati inayopita, kiasi fulani cha nyuzi hubaki nyuma. Ada hizo hujumlishwa moja juu ya nyingine, wala hakuna kituo kinachoweza kufidia uzembe wa kingine, na ndiyo maana kipoza cha bei mbaya kilichofungwa vibaya hushindwa na cha bei nafuu kilichofungwa sawasawa.

Hesabu moja inatosha kuonyesha jinsi ada hizo zilivyo mbalimbali. Chukua pengo la milimita 0.05 kati ya kifuniko na kitako, mgusano wa sentimita 3 kwa 3, na wati 100 zinazotaka kupita. Pengo likijazwa pesti ya kawaida, yenye upitishaji wa wati 5 kwa mita kwa kelvini, tofauti ya joto kati ya nyuso hizo mbili ni kama nyuzi 1. Likijazwa nailoni, ambayo upitishaji wake ni karibu 0.2, tofauti hufika nyuzi 28. Likibaki na hewa tupu, hesabu hutoa zaidi ya nyuzi 200, maana yake prosesa itajipunguzia kasi muda mrefu kabla ya kuzalisha wati hizo. Tukumbuke pia kwamba shaba yenyewe ina upitishaji wa karibu 400. Pesti, basi, haipakwi kwa kuwa inapitisha joto vizuri kuliko chuma. Ikilinganishwa na chuma ni dhaifu sana. Inapakwa kwa kuwa nyuso mbili za chuma hazigusani kila mahali hata zikisuguliwa vipi, na katika mianya midogo inayobaki, chochote ni afadhali kuliko hewa. Anayepaka nyingi kwa kudhani anaongeza upozaji anarefusha njia bila faida.

Nailoni niliyoitaja sikuiweka kwa ajili ya hesabu tu. Vipoza vingi huuzwa vikiwa na utando mwembamba unaong'aa uliobandikwa kwenye kitako ili uso wake usikwaruzike njiani, na juu ya utando huo huchapwa onyo la kuubandua kabla ya kufunga, aghalabu kwa Kiingereza. Litazame onyo hilo kama tungo na utaona udhaifu wake wa kifani mara moja. Limewekwa kwenye uso uleule unaokwenda kufichwa. Limechapwa juu ya kitu kisicho na rangi kilichobanwa kwenye chuma kinachong'aa kama kioo. Na linasomeka tu kwa mtu anayekigeuza kipoza juu chini, ilhali mkono wa anayeunga unakigeuza kwa sekunde chache tu, akili yake ikiwa kwenye skrubu na pesti. Kipoza kikishabanwa, hakuna alama yoyote upande wa nje inayobaki kushuhudia kwamba utando bado umo ndani. Kosa la kuusahau ni la fundi, lakini uwezekano wa kosa umeandikwa na mbunifu, na sioni sababu ya kumsamehe mbunifu aliyekuwa na nafasi ya kutoa ulimi mrefu wenye rangi kali unaochomoza pembeni mwa kitako.

Ukikifungua kipoza cha namna hiyo, ushahidi ni mtupu: pesti imetapakaa upande mmoja wa nailoni, na upande wa pili chuma ni kikavu, safi, hakijaguswa. Pesti ina mengi ya kusema hata pasipokuwa na nailoni. Ikiwa nyembamba katikati kiasi cha kuonyesha chuma chini yake, na ziada imesukumwa sawia hadi kingoni, shinikizo lilikuwa zuri. Ikiwa nene kona moja na imekonda kona ya mkabala, skrubu zilikazwa moja hadi mwisho kabla ya nyingine kuanzwa, kipoza kikaegemea. Dawa yake ni kufuta, kupaka upya, na kukaza kwa kupokezana mkabala kwa mkabala, mzunguko kidogo kila mara.

Sasa turudi kwenye grafu. Kila kituo cha njia ile kina uwezo wake wa kubeba joto, kwa hiyo kina mwendo wake. Silikoni ni ndogo kiasi kwamba hupata na kupoteza joto ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. HWiNFO, programu ya kusomea vihisi ambayo isipobadilishwa huvisoma kila baada ya sekunde 2, huliona tukio hilo kama mstari wima. Kipoza cha mnara chenye uzito wa karibu kilo moja huchukua dakika kadhaa kutulia. Kimiminika cha mfumo wa kupoza kwa maji kinaweza kuchukua zaidi ya dakika kumi, na hewa ya kasha pamoja na ya chumba huchelewa kuliko vyote. Kwa hiyo, grafu moja ya mzigo wa nusu saa ina matabaka yaliyoandikwa kwa kasi tofauti, kila tabaka likisimulia sehemu yake ya njia, na mhakiki hana budi kuyatenganisha kabla ya kutoa hukumu.

Tazama kwanza mashine iliyo nzima. Mzigo wa Cinebench, programu ya kuijaribu prosesa, ukianza, mstari huruka ghafla kwa nyuzi nyingi, kisha hupinda na kupanda polepole kwa dakika mbili tatu, kisha hulala. Mzigo ukikoma, huanguka ghafla kwa kiasi kinachokaribia kile ulichoruka, halafu huteremka taratibu kadiri mapezi yanavyopoa. Mruko na mwanguko ni habari za migusano. Mpindo wa katikati ni habari za mapezi na feni. Linganisha na mashine yenye nailoni. Hapo mruko humeza grafu yote: mstari hufika kwenye kikomo cha joto katika usomaji wa kwanza au wa pili, hubaki hapo bila mpindo wowote, na mzigo ukikoma huporomoka wima vilevile, kwa kuwa kipoza hakikuwa kimepata joto la kutosha kuuchelewesha. Ukiyagusa mapezi wakati prosesa iko kwenye nyuzi 95 utayakuta vuguvugu tu. Joto halijafika huko.

Feni iliyosimama huandika umbo jingine kabisa. Mruko wa mwanzo ni wa kawaida, kwa sababu migusano ni mizima. Kinachoharibika ni mpindo, ambao badala ya kulala huendelea kukwea dakika ya tatu, ya nne, ya tano, mpaka kikomo, huku mapezi yakiunguza kidole. Mteremko wake baada ya mzigo ni mrefu na wa kuchosha. Feni za prosesa za siku hizi zina pini nne: ya ardhi, ya volti 12, ya kurudisha taarifa ya mizunguko, na ya kupokea amri ya kasi; mpindo wa aina hii ukiandamana na sifuri kwenye safu ya mizunguko, waya haujachomekwa, au kuna waya mwingine umeingia kwenye mapanga ya feni na kuyazuia. Pampu iliyokufa katika mfumo wa maji hukaa kati ya maumbo haya mawili: maji machache yaliyo juu ya kitako hupata joto haraka, mstari hufika kikomo ndani ya dakika moja hivi, na mkono huthibitisha, bomba moja likiwa la moto na rejeta ikiwa baridi.

Hata hivyo, umbo la joto peke yake ni nusu ya mshororo. Joto ni ukwapi, wati ni utao, na anayekomea kwenye ukwapi hajausoma mshororo. Chukua Ryzen 9 7950X, yenye viini 16, iliyopangiwa wati 170 na kuruhusiwa hadi wati 230 kupitia soketi. AMD ilieleza tangu ilipoitoa kwamba nyuzi 95 chini ya kazi nzito ni sehemu ya ubunifu wake: prosesa huongeza kasi mpaka ikutane na mojawapo ya mipaka yake, uwe wa joto, wa wati au wa mkondo wa umeme, na inapokutana na ule wa joto hukaa hapo kwa makusudi. Kwa mashine hiyo, nyuzi 95 zikiambatana na wati zinazokaribia 230 ni kazi iliyofanywa kwa uwezo wote. Nyuzi 95 zilezile zikiambatana na wati 90 ni ugonjwa, tena wa mgusano. Namba ni moja, hukumu ni mbili. Hapa pia ndipo penye jambo linalowatatiza wengi waliozoea mashine za zamani: ukiiwekea prosesa kama hii kipoza kikubwa zaidi, huenda joto lisishuke hata chembe, na badala yake kasi ikapanda. Aliyekuwa akiitazama namba ya joto tu atasema pesa zimepotea, ilhali faida iko kwenye safu ya pili ambayo hakuifungua.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 2001 wahakiki wa vifaa wa Tom's Hardware walionyesha kwa video kinachotokea kipoza kinapoondolewa mashine ikiwa kazini: Athlon ya AMD iliungua na kutoa moshi, ilhali Pentium 4 ya Intel ilijipunguzia kasi na kubaki hai. Njia ya Pentium 4 ndiyo iliyoshinda, na prosesa zote za mezani za leo hujilinda hivyo. Ni maendeleo makubwa, lakini yamebadilisha utanzu mzima wa kosa: kuchemsha hakuishii tena kwenye moshi ambao kila mtu anauona, bali kwenye upole wa mashine ambao mwenyewe anaweza kuishi nao kwa miaka akidhani ndiyo kasi aliyoinunua.

Yapo pia maumbo ambayo chanzo chake hakipo kwenye chuma wala kwenye upepo. Mazabodi ina mamlaka ya kuhariri matini ya mtengenezaji wa prosesa, na baadhi ya wahariri hawa hawana kiasi. Core i7-13700 ya Intel, kwa mfano, imeandikiwa wati 65 za kudumu na hadi 219 za muda mfupi. Umbojoto lake la asili lina kilele cha mwanzo kisha ngazi inayoshuka, na ngazi hiyo huonekana kabla ya dakika moja kwisha. Mazabodi iliyoondoa mipaka huifuta ngazi: kilele huendelea bila mwisho, na mwenye mashine hufungua na kufunga kipoza mara kwa mara bila kuona kosa, kwa kuwa kosa halimo humo. Zipo mazabodi zilizotoka kiwandani zikiwa zimeandikiwa kikomo cha wati 4096, ambacho maana yake ni kwamba hakuna kikomo. Mwaka 2024, baada ya malalamiko ya kuyumba kwa prosesa za kizazi cha 13 na 14, Intel iliwataka watengenezaji warudishe mipangilio yake ya msingi, na Agosti ikatoa sasisho la 0x129 la kudhibiti volti zilizopita kiasi. Ingia kwenye bayosi kwanza, basi, kabla ya kushika bisibisi. Na kwa mwenye 7950X anayetaka utulivu kuliko mashindano, hali ya uokoaji umeme ya wati 65, ambayo kwa hakika huruhusu 88 kupitia soketi, hubadilisha umbo lote la grafu kwa gharama ya kasi ambayo katika kazi nyingi haitamuumiza.

Tabaka la mwisho na la polepole zaidi ni la kasha. Dalili yake ni mstari unaolala vizuri dakika ya nne, kisha unaanza kunyanyuka tena, nyuzi moja baada ya nyingine, kwa dakika ishirini, huku joto la kadi ya grafiki na la diski likipanda nao sambamba. Jaribio lake ni jepesi: ondoa mlango wa ubavuni. Mstari ukishuka kwa nyuzi kumi, kipoza hakina hatia. Kinapumua hewa yake mwenyewe. Mara nyingi chanzo ni feni iliyogeuzwa. Feni huvuta kwa upande ulio wazi na kusukuma kupitia upande wenye mihimili inayoshika mota, na feni mbili zilizofungwa zikitazamana hughairiana kimyakimya, mizunguko yao ikisomeka mizuri kabisa kwenye programu. Mara nyingine chanzo ni uso wa mbele wa kioo, uliobuniwa ili taa zionekane, ukaacha upenyo mwembamba pembeni kuwa njia pekee ya hewa kuingia. Tulizoea katika uhakiki wetu kusema fani na maudhui hutegemeana. Katika makasha haya fani imeyanyima maudhui pumzi, nami siwezi kuyaita mazuri hata yakipendeza macho.

Anayetaka kuona kosa hilo likifanywa na watu wenye kipaji kikubwa na aitazame Mac Pro ya mwaka 2013. Silinda yake nyeusi ilikuwa na feni moja juu na nguzo moja ya pembetatu iliyopokea joto la prosesa na la kadi mbili za grafiki, na kama umbo ni miongoni mwa mambo yaliyobanwa vizuri zaidi kuwahi kutolewa na kiwanda cha kompyuta. Lakini lilichukulia kwamba mzigo utagawanyika sawa kwa pande tatu, na sekta ikaelekea kwenye kadi moja kubwa yenye joto kali. Aprili 2017 wakuu wa Apple walikiri mbele ya waandishi wa habari kwamba ubunifu huo uliwabana kwenye kona ya joto. Hapakuwa na neno la kuongeza wala la kupunguza, na kwa mashine ya mezani, inayotakiwa kubadilika pamoja na kazi za mwenyewe, huo ni upungufu wa msingi.

Kuhusu chumba naweza kusema machache. Joto la hewa inayoingia huongezwa karibu nyuzi kwa nyuzi juu ya hesabu yote iliyotangulia, kwa hiyo mashine iliyopimwa kwenye chumba cha nyuzi 22 itasoma takriban kumi zaidi Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari bila chochote kuharibika. Nairobi ina hewa baridi zaidi, lakini kwenye kimo cha karibu mita 1,700 hewa hiyo ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, na feni inayozunguka kwa kasi ileile hubeba uzito mdogo wa hewa. Mapitio ya ng'ambo yasiyotaja joto la chumba hayawezi kulinganishwa na grafu ya mezani kwako.

Ombi langu kwa msomaji ni hili. Siku mashine mpya inapofanya kazi vizuri, rekodi dakika tano ikiwa imepumzika, ishirini ikiwa chini ya mzigo wa viini vyote, na tano baada ya mzigo kuondolewa. Rekodi joto, wati, kasi na mizunguko ya feni kwa pamoja, na uandike nyuzi za chumba kwenye jina la faili. Bila nakala hiyo, umbojoto la mwaka kesho halitakuwa na cha kulinganishwa nacho. Na kama mashine imeungwa dukani, lidai faili hilo pamoja na risiti kabla hujaibeba.